Bima ilipie vipimo vya ugumba

Bima ya afya Tanzania igharimie vipimo vya ugumba, vya mke na mume, bila mizengwe.

Mwanamke aliyevuka miaka 35 hushauriwa kumwona daktari baada ya miezi sita tu ya kutafuta mtoto bila mafanikio. Lakini mara nyingi huyo huyo ndiye anayelipa ada za wadogo zake na kumuuguza mama mkwe. Fedha ya ultrasaundi huishia kwenye dawa za presha za mama mkwe huyo, na miezi haimsubiri.

Mume je? Kipimo cha mbegu ni chepesi kuliko vyote, ila wengi hawakigusi, lawama akabaki nazo mke.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipo tangu 2023. Wapangaji wa kitita cha mafao waingize vipimo hivi kabla ya bajeti ijayo.