Pembe ni ile ile, lugha isimrudishe mtoto darasa

Wazazi wengi tuliorudi Burundi kutoka Tanzania tumekumbwa na jambo hili. Mtoto alikuwa akifanya vizuri hesabu huko Kigoma, lakini akifika hapa anarudishwa darasa. Binti wa jirani yangu aliambiwa na mwalimu aonyeshe "angle aigu". Akanyamaza, akapewa sifuri. Jioni nilimwuliza kwa Kiswahili pembe kali ni ipi. Akachora tatu bila kusita.

Je, mtoto huyu hajui? Anajua. Alichokosa ni jina tu, na hata majina yenyewe yana maana moja. Mfaransa akisema "aigu" ana maana ya kali, na akisema "obtus" ana maana ya butu, kama kisu kisichokata.

Jambo hili si geni. Familia zilizokimbia mwaka 1972 zikakaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu zilisomesha watoto kwa Kiswahili. Zilipoanza kurejea kwa wingi mwaka 2008, zilikuta madarasa ya juu yanafundishwa kwa Kifaransa, na lugha ikawa kikwazo.

Kwa maoni yangu, mwalimu aanze na kitu chenyewe, ndipo alete jina. Karatasi ikikunjwa mara mbili, mkunjo wa kwanza ukilaliana wenyewe, hutoa pembe mraba ya nyuzi 90. Iliyo ndogo kuliko hiyo ni pembe kali. Iliyozidi hapo bila kufika nyuzi 180 ni pembe butu. Saa ya ukutani nayo inafundisha: saa tisa kamili mishale hufanya pembe mraba, saa saba pembe kali ya nyuzi 30, saa kumi pembe butu ya nyuzi 120.

Nanyi akina mama mnaouza vitenge mpakani Kobero, msiseme hesabu ni kazi ya shule. Chukueni mkasi mkubwa na mdogo, mvifungue sawasawa, kisha mwulizeni mtoto pembe ipi ni kubwa. Wengi wataonyesha mkasi mkubwa. Mwelezeni kwamba urefu wa makali hauhesabiwi, kinachopimwa ni jinsi mkasi ulivyofunguka.

Walimu wetu, tunawaheshimu na tunajua madarasa yamejaa. Tunaomba jambo moja tu: kabla ya kumrudisha mtoto darasa, mpeni karatasi aikunje.