Fimbo Chotara Katika Gofu

Mvuvi wa Chovae hupeleka chombo kwa upondo penye maji haba, na kwa tanga penye maji mengi. Mchezaji wa gofu naye, awe Mombasa au Nairobi, hubadili fimbo kwa kadiri ya masafa. Ila sheria yamruhusu fimbo zisizozidi 14.

Zilizowashinda wengi, hasa wazee na wanaojifunza, ni fimbo ndefu za chuma. Nyuso zake ni nyembamba, na mpira hauinuki upesi. Fimbo chotara, iliyoenea tangu miaka ya 2000, ina kichwa kinene kinachofanana na cha fimbo ya mbao, na urefu unaokaribia ule wa chuma. Uzito wake umekaa chini na nyuma, basi mpira hupaa hata kutoka majanini. Mwaka 2009, Y.E. Yang wa Korea Kusini aliitumia kwenye shimo la 18 alipomshinda Tiger Woods katika shindano la PGA, Marekani.

Anayenunua asibadili fimbo zote, fedha ikapotea bure. Atoe chuma namba 3 na 4, aweke chotara mbili. Azijaribu kwanza, maana hutuma mpira mbali zaidi ya chuma cha namba ileile. Vyuma vifupi vibaki. Karibu na shimo kazi ni yao.