Shore Hana Saa ya Mkononi

Ndugu zangu, nisameheni nikianza kwa ukali. Lililonifika mwezi uliopita limenikaa kooni kama mwiba wa changu, na nimejaribu kulimeza kwa tonge la wali, halishuki.

Nilikwenda Dar es Salaam kwa mpwa wangu, kijana mwema, msomi, mkono wake si wa birika. Akanilaza chumba kinachopakana na chake. Saa kumi na moja kasoro hivi, alfajiri, nikasikia ndege wanalia. Nikasema Subhanallah, mji wote huu wa saruji na bado una ndege ukutani! Kumbe ni simu. Siku hizi alamu huwekewa mlio wa ndege ili bwana mkubwa aamshwe kwa upole, asishtuke. Ndege wa simu wakalia, kijana akapapasa, akawanyamazisha. Baada ya dakika kumi wakalia tena, akawanyamazisha tena. Nilihesabu mara nne. Na baina ya mara ya pili na ya tatu, kwenye mwembe wa jirani, akaanza shore wa kweli, asiye na chaji wala saa ya mkononi, akaitikiwa na tetere. Huyo hakuna wa kumbonyeza akanyamaza.

Mpwa wangu alitoka jua li karibu kuchomoza. Akatawadha mbiombio, akasimama, na rakaa zake mbili zikaisha kabla sijamaliza kukunja mswala wangu.

"Shikamoo mjomba. Si nimewahi?"

Nikaitikia marahaba, nikanyamaza. Mgeni hasemi yote ndani ya nyumba ya watu. Kalamu lakini haina ugeni.

Sikusudii kuthibitisha hapa kwamba sala ni faradhi iliyowekewa nyakati zake. Suratun Nisaa, aya ya 103, imekwisha kulisema, na hakuna msomaji wa makala haya asiyelijua. Ninachotaka ni tutazame nani anaitunza saa na nani anaipoteza, kwani Mwenyezi Mungu ametuwekea mfano juu ya vichwa vyetu nasi tunatazama chini, kwenye kioo cha simu.

Fungua Suratun Nuur uisome polepole. Aya ya 36 na 37 zinawasifu watu wanaomtakasa Mola wao ndani ya nyumba zake asubuhi na jioni, watu ambao biashara haiwapurukushi wakasahau kusimamisha sala. Hatua chache tu, katika aya ya 41, wanakuja ndege: wamekunjua mbawa zao angani, na kila mmoja, imesemwa, amekwisha kuijua sala yake na tasbihi yake. Endelea mpaka ya 58, utakuta sala ya Alfajiri na sala ya Isha zimetajwa kwa majina yake, katika adabu za kubisha hodi majumbani. Basi ndege wamewekwa katikati, huku mfanyabiashara, kule mwenye kulala. Wafasiri wana maneno yao hapa. Mujahid kasema sala ni ya mwanadamu na tasbihi ni ya viumbe wengine. Wako waliosema anayejua ni Mwenyezi Mungu, anayeijua sala ya kila kiumbe chake. Shika kauli uipendayo. Katika zote hizo sikuona hata moja inayosema shore alichelewa.

Saa zenyewe zimetajwa pia. Katika Suratu Saad, aya ya 18 na 19, milima imetiishwa pamoja na Nabii Daud, imtakase Mungu jioni na jua linapong'aa, na ndege wakakusanywa, wote wanamwitikia. Jioni na mng'ao wa jua, wala si wakati wowote watakaojisikia. Imepokewa kwa Ibn Abbas kwamba ishraki iliyomo katika aya hii ndiyo aliyoifahamu kuwa ni sala ya Dhuha. Tazameni basi: ndege wa Daud wanapofika kwenye sunna ya Dhuha, kijana wetu ndiyo kwanza anatafuta maji ya kutawadhia faradhi!

Naujua utetezi wenu. Mtaniletea hadithi ya aliyediriki rakaa moja ya Asubuhi kabla ya jua kuchomoza kuwa ameidiriki sala. Ni kweli tupu, nami naipokea kwa mikono miwili. Lakini hiyo ni rehema ya kumwokoa aliyefikwa na jambo, sasa nyinyi mmeifanya ratiba. Ngazi ya kuokolea watu kwenye moto, ndugu zangu, hapandii mtu kila siku kwenda kulala.

Na Hudihudi je? Nabii Sulaiman alikagua ndege wake, kama tusomavyo katika Suratun Naml, akamwona mmoja hayupo. Ndege mmoja, mdogo, mwenye kishungi, katika jeshi zima la majini na watu na ndege! Hata hivyo pengo lake lilionekana, akaahidiwa adhabu kali au kisu, ila alete udhuru ulio wazi. Akauleta: ametoka Saba, amekuta malkia na watu wake wanalisujudia jua badala ya Mwenyezi Mungu, na ndege yule moyo wake umeungua kwa hilo. Huo ndio udhuru. Wa kwako wewe ni upi ukikosa safu ya Alfajiri? Mpira wa Ulaya ulikwisha saa saba za usiku! Tena ukumbuke kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kusali jua linapochomoza kwa sababu ndiyo saa ambayo makafiri hulisujudia. Ndege alilikimbia jua hilo kutoka Yemen hadi Sham. Sisi tunachezea ukingoni mwake kila siku.

Na si Alfajiri peke yake. Wako wenye maduka, na wananisoma, wanaoikalia Alasiri mpaka jua liwe manjano, ndipo wanasimama nyuma ya magunia ya mchele wakazidonoa rakaa nne, jicho moja kwenye droo ya fedha. Mtu wa namna hiyo ametajwa katika hadithi aliyoipokea Anas, iliyomo katika Sahihi Muslim, na jina aliloitwa si zuri: sala ile imeitwa sala ya mnafiki. Neno lililotumika pale ni la kudonoa hasa. Na katika hadithi nyingine tumekatazwa kudonoa mdono wa kunguru.

Kunguru sisi watu wa pwani tunamjua. Hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 wasafishe taka, wakaingia Dar es Salaam na Mombasa, na sasa taka zipo na kunguru wapo. Mtazame akidonoa juu ya jalala: kichwa chini, juu, chini, juu, anachungulia kama kuna mtu anakuja. Sasa mtazame mtu anayesali ilhali teksi inamngoja nje. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kunguru ndiye aliyetumwa amfundishe mwana wa Adam kumzika nduguye, katika Suratul Maida. Alifundisha kuzika, kusali hakutumwa kufundisha.

Wala sisemi vijana hawana dini. Hasha! Nyinyi mnasoma kwa tajwidi ambayo sisi hatukuipata chuoni. Ramadhani mnaijaza misikiti mpaka barazani. Wenzenu walioko London mwezi wa Juni huiwania Alfajiri kabla ya saa tisa za usiku, kisha Desemba inasogea hadi kama saa kumi na mbili, nao wanakwenda nayo. Kwetu Dar es Salaam jua la mwaka mzima halipishani hata kwa saa nzima. Mungu ametupa saa isiyoyumba, lakini nani anaiona? Na Ramadhani mnaamka daku bila ndege wa simu, kwa kuwa tumbo lenyewe huwa ndilo jogoo.

Nimetaja jogoo, na sasa sitaweza kujizuia.

Siku ya tatu ya ugeni wangu, mpwa wangu alinisomea ujumbe wa kundi la mtaa. Wapangaji wamekaa kikao. Bibi mmoja wa nyumba ya nyuma anafuga kuku, na jogoo wake anawika usiku wa manane, anawasumbua watu, basi imeamuliwa aondolewe au achinjwe. Nikauliza, na lile sabufa la kijana wa ghorofani lililopigwa Jumamosi mpaka saa nane za usiku, vikombe vikatetemeka kabatini, lilifanyiwa kikao gani? Akacheka. "Mjomba, ile ilikuwa shughuli." Ala! Sabufa lina shughuli, jogoo hana?

Qurani haikumtaja jogoo, nakubali. Imemtaja Hudihudi, na kunguru, na salwa, na ababili. Lakini imepokewa kwa Zayd bin Khalid kwamba Mtume alikataza kumtukana jogoo kwa kuwa anaamsha kwa ajili ya sala, na Bi Aisha ameeleza kuwa Mtume mwenyewe akisikia mwikaji huinuka akasali. Pia tumeambiwa tukisikia jogoo tumwombe Mungu fadhila zake, kwani amemwona malaika. Sisi tunamwombea mchuzi. Na wakorofi wananitolea methali, aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Wahenga waliisema kwa mambo ya soko na ujanja wa dunia, hawakukusudia Alfajiri.

Nikaenda nyumba ya nyuma, nikabisha hodi. Bibi akanieleza huku anapepeta mchele kwamba jogoo yule kwanza huwika usiku ungali mzito, jogoo la kwanza, watu wakageuka upande, kisha jogoo la pili karibu na adhana. "Mie ndiye saa yangu, mwanangu. Lakini wamesema." Akamfunga miguu kwa kitambaa cha kanga, nikatoa fedha, nikamtia kwenye kikapu.

Basi letu lilipofika Chalinze akawika kutoka chini ya kiti, jua la utosi, abiria wakaangua kicheko na utingo akaniambia, "Mzee, saa ya jogoo wako imeharibika."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nilimfunga siku tatu kwenye mpera wangu hapa Tanga. Siku tatu hakutoa sauti. Usiku wa kuamkia siku ya nne nikamsikia, mara moja, kwa sauti nzito kidogo kama ya mtu aliyetoka safari. Nikainuka nikatafuta kandambili. Nilipofungua mlango wa uani, kwenye mwembe shore alikuwa keshaanza.