Dharau Twaipika Wenyewe

Ndugu msomaji, hebu sikiliza maneno yasemwayo majumbani mwetu wakati wa kula, kisha uniambie ni malezi gani haya. Jirani wa kabila jingine ameleta sahani ya chakula cha kwao. Mama aziba pua: "Vyakula vyao hivi!" Baba acheka. Mtoto hakusema kitu, lakini somo limekwisha kumwingia: watu wale si kama sisi.

Na mama huyo huyo siku ya Ijumaa hujifakhirisha kwa biriani yake! Basi na tumuulize, biriani hiyo ni ya nani? Jina lake latokana na Kiajemi. Hiliki asili yake Bara Hindi, mdalasini Ceylon, karafuu visiwa vya Maluku, na Unguja hazikupandwa ila karne ya 19. Ama nyanya, mbatata na pilipili kali, hizo ni za bara la Amerika. Kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 hapana mpishi wa Delhi wala wa Lamu aliyepata kuzitia machoni. Ukiviondoa sufuriani vyote vya "watu", mgeni wako utampakulia nini?

Watasema: twawakinga watoto na haramu. Haramu ni haramu, wala hilo halina ubishi. Lakini injera ya Wahabeshi, mathalan, ni unga wa nafaka uliochachuka, kama uchachukavyo mkate wetu wa kumimina. Haramu i wapi hapo? Mtume (s.a.w.) aliandaliwa dhabb, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi. Hakumla, kwa kuwa hakuwako katika nchi ya watu wake. Lakini hakumharamisha, na Khalid bin Walid akamla mbele yake.

Basi mwite mwanao jikoni, na wa kiume khasa. (Najua, utaambiwa wamharibu. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa akiwatumikia watu wake.) Akisukuma chapati, mwambie jina hilo tumelipata kwa Wahindi. Wiki ijayo mwombe yule jirani aje amfundishe chakula cha kwao, kwa mikono yake, naye mtoto aulize kwao hupikwa siku gani na hupikiwa nani. Usimlazimishe kukipenda. Kikimshinda, na aseme "ahsante, nimeshiba", aioshe sahani, airudishe mwenyewe kwa jirani, na ndani yake atie chochote kilichopikwa kwenu.