Nyasi zikirudi, tatizo siyo dozi



Msimu huu simu nyingi ninazopokea zina swali moja: "Bwana shamba, nimepiga dawa ya kuunguza, kesho yake shamba limekauka kama limechomwa moto. Wiki mbili baadaye nyasi zimerudi. Niongeze dozi?" Kijana mmoja wa Endasak, Hanang, hakusubiri hata jibu. Aliweka kipimo mara mbili kwenye bomba la mgongoni, ukoka ukakauka, mvua ikanyesha, ukoka ukarudi. Hela ya dawa imeenda mara mbili na mahindi hayajapandwa.

Dawa yenyewe ni parakwati. Wengi wanadhani inaunguza kama asidi. Siyo hivyo. Jani likipata jua, ndani yake elektroni hupita hatua kwa hatua ili mmea utengeneze chakula. Parakwati inazidaka njiani na kuzikabidhi kwa oksijeni. Oksijeni hiyo inageuka kuwa supaoksaidi, kisha peroksaidi ya hidrojeni, na kutoka hapo vinazaliwa vitu vikali vinavyopasua utando wa seli. Maji yanavuja, jani linanyauka. Parakwati yenyewe haiishi: ikishakabidhi elektroni inarudi kudaka nyingine. Mmea una kinga ya kuzima oksijeni kali, lakini hapo inazidiwa. Hali hiyo ndiyo inaitwa msongo wa oksidisho.

Sasa fikiria ukoka. Moto huo unataka mwanga na jani la kijani, na chini ya udongo havipo. Tena jani linakufa haraka mno, dawa haipati njia ya kushuka kwenye vishina vinavyotambaa. Hata nyasi nyingine zikishakomaa, sehemu inayochipua iko chini kabisa, imefunikwa na maganda ya majani. Ukizidisha dozi unaua jani ambalo lingekufa tu. Parakwati ni ya nyasi changa zinazotokana na mbegu, zenye majani mawili matatu. Hapo inafanya kazi safi. Ukipiga jioni ni bora zaidi, maana dawa inaenea ndani ya jani kabla jua halijaiwasha.

Halafu maji. Jamani, maji ya lambo yenye tope yanaharibu dawa hii kabla haijafika shambani, kwa sababu inajishika kwenye chembe za mfinyanzi. Glaifoseti nayo ni hivyo hivyo.

Kwa ukoka, mimi nasema glaifoseti, ipigwe ukiwa kijani na unakua vizuri, kisha uvumilie wiki moja hadi mbili bila kuugusa. Inashuka mpaka chini. Hailetei macho raha ya kuona shamba limekauka kesho yake, na nadhani ndiyo maana wengi hawaipendi. Kule tambarare za Basotu unaweza kutifua kiangazi, vishina vikaukie juani. Kwenye miteremko ya Mbulu simshauri mtu, udongo utaondoka na mvua ya kwanza.

Kupiga dawa ile ile kila msimu kuna gharama nyingine. Malaysia kuna nyasi ya Eleusine indica, ndugu wa ulezi wetu, ambayo imeshazoea parakwati na haifi. Nyasi hiyo hata huku kwetu ipo.

Lakini kinachoninyima usingizi zaidi ni mapafu yenu. Mchezo ule wa elektroni na oksijeni unafanyika pia ndani ya mwili wa mtu, tena mapafu huivuta parakwati na kuilimbikiza. Ikimezwa, hata kidogo, haina dawa ya kuizima. Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni 2007. Nimeikuta kwenye chupa ya soda, jikoni, watoto wanacheza pembeni. Nimeona mtu anaipima kwa kifuniko bila glavu, bomba linamvujia mgongoni. Mtu wa namna hiyo akiniuliza kama aongeze dozi, nashindwa hata nianzie wapi.

Yule wa Endasak nimemwambia aache ukoka uchipue vizuri, achote maji ya bomba, na glaifoseti anunue yenye usajili wa TPHPA, kwenye chupa yake yenye lebo. Mahindi yake yatachelewa. Nitapita tena wiki ya tatu tuangalie.