Vilabu vya shule vimebaki ubaoni

Majuzi nilikwenda shule moja ya kutwa hapa Mombasa kwa shughuli ya mpwa wangu. Nikimngoja mwalimu mkuu, nikawa nasoma ubao wa matangazo. Vilabu kumi na vitatu vimeorodheshwa pale: Mdahalo, Uanahabari, Drama, Skauti, Msalaba Mwekundu, Wanyamapori, Jumuiya ya Wanafunzi Waislamu na vyenginevyo, kila kimoja na jina la mwalimu mlezi. Nikamuuliza mpwa wangu yeye yuko kipi.

"Mdahalo, mjomba."

"Mshajadili nini mwaka huu?"

Akacheka. Tangu ajiunge wamekutana mara moja tu, siku ya kupigwa picha. Mlezi wao alishahamishwa, na jina lake bado liko ubaoni.

Ni rahisi kuwalaumu walimu, na wana sehemu yao. Lakini zihesabuni saa za mtoto wa shule ya kutwa katika mji wetu. Masomo yakimalizika kama saa kumi kasorobo, ndipo ratiba inaposema ni wakati wa vilabu. Wakati huo huo chuoni ustadh anangoja, mwalimu wa tuisheni anangoja, na mama wa binti anataka mwanawe awe nyumbani kabla ya Magharibi. Klabu ndiyo inayoachwa. Baadhi ya shule zimeona bora ziweke vilabu Ijumaa mchana, siku nyepesi kwa masomo. Nyepesi kwa nani? Wetu wameshatoka kwenda kuswali, na wengi wao hawarudi tena darasani. Kwa hivyo viongozi wa klabu huchaguliwa na waliobaki, kisha sisi tunanuna kwamba watoto wetu hawapewi nafasi.

Wazazi nao tuna kauli yetu: "Nimekulipia usome au ukacheze?" Nimeisikia nyumba nyingi, na nyumbani kwangu pia, ikitoka kinywani mwangu.

Tunachokosa si mchezo. Katika klabu iliyo hai, mtoto wa miaka kumi na sita anajifunza kuandika kumbukumbu za mkutano, kutunza shilingi mia tano za watu na kuzitolea hesabu, kushindwa kwa kura na wiki ijayo arudi kikaoni. Hayo hayatahiniwi popote, na tazameni yanavyotugharimu ukubwani. Kamati ngapi za misikiti zimevunjika kwa sababu hapana daftari la hesabu linaloeleweka? Vikundi vingapi vya wavuvi na vya akina mama vimekwama kwa mwenyekiti mmoja asiyeitisha mkutano? Katiba ya 2010 imetupa haki ya kushirikishwa katika mipango ya serikali, lakini nendeni kwenye kikao cha wadi mtazame. Wetu wengi ama hupiga kelele au hunyamaza hadi soda zigawiwe. Yule anayejua kusimama na kusema, "Mwenyekiti, naomba hoja yangu iandikwe," ndiye ambaye barabara yake huingia kwenye bajeti.

Na wanafunzi wakiachiwa, wanaweza. Jumuiya ya vilabu vya wanyamapori nchini, ambayo leo ina jina kubwa, ilianzishwa 1968 na wanafunzi wa sekondari wenyewe. Na Aprili 2025 nchi nzima iliwatazama wasichana wa drama wa Butere kule Nakuru. Mchezo wao ulizuiwa, mahakama ikaamuru waruhusiwe, na walipofika ukumbini wakanyimwa mazingira waliyoyataka. Wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Mtu anaweza kuupenda mchezo ule au asiupende, lakini kundi la wasichana kukubaliana jambo na kulisimamia mbele ya polisi halikuzuka siku hiyo hiyo. Lilifinyangwa katika mazoezi ya klabu.

Pesa nazo zina habari yake. Serikali hutenga Sh22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na ndani yake mna fungu la shughuli za nje ya darasa. Mwaka jana Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba kinachowezekana kulipwa ni kama Sh16,900. Fungu likipungua, chaki hainyimwi, na timu ya mpira haikosi basi. Mdahalo ndio husahauliwa.

Mwaka huu tumeanza Gredi ya 10, na huduma kwa jamii imekuwa somo la lazima kwa kila mwanafunzi, mkondo wowote aliochagua. Sasa mtoto ataandika ripoti ya kusafisha ufuo kwa ajili ya alama, na klabu ambayo ingempeleka ufuoni kwa hiari imelala. Marekani wana chama cha wanafunzi bora tangu 1921, ambacho mbali na alama hutazama utumishi, uongozi na tabia. Sisemi tukiige, na huko pia wamo wanaojiunga kwa ajili ya jina tu. Lakini fomu ya vyuo vingi vya huko ina nafasi kumi za kueleza ulichofanya nje ya darasa, na wafadhili wa hapa kwetu nao huuliza uongozi. Mtoto wetu mwenye A huziacha tupu.

Tiba yake haihitaji Nairobi. Bodi ya shule na kamati za madrasa za mtaa ule zikae pamoja, zichague alasiri moja ya wiki, isiwe Ijumaa, na siku hiyo chuo kichelewe kwa saa moja. Waliosoma shule hiyo wajitolee kusaidia walezi. Na sisi wazazi, kwenye mkutano wa mwaka, tusiulize matokeo ya mtihani pekee. Tuulize Klabu ya Mdahalo imejadili nini.

Mpwa wangu ameniomba nimpe hoja ya kufungulia, iwapo watapata mlezi. Nimemwandikia: "Bunge hili linaamini kwamba vilabu viondolewe siku ya Ijumaa." Amesema yeye atapinga.