Anayelipisha barabara aondoe na matope

Mvua kubwa ya upepo ikipiga milima ya Alimbongo usiku, asubuhi yake hufanana karibu kila mara. Mabati ya shule yako ndani ya shamba la viazi la jirani. Mkaratusi umelala katikati ya barabara ya kitaifa namba 2, mizizi ikitazama juu. Mbele kidogo, kwenye kona, udongo umeporomoka na kuziba nusu ya njia. Fuso zilizobeba leki na kabichi kuelekea Butembo zimepanga mstari, motari wanatafuta pa kupenya, na mjumbe wa chefu amekwisha kupita mlango kwa mlango: kila nyumba itoe mtu mmoja na beleshi lake.

Watu huja, na ni vizuri kwamba huja. Ukuta ukimwangukia jirani, hakuna anayeuliza nani atalipa. Tarehe 4 Mei 2023, maji yalipofagia Bushushu na Nyamukubi katika wilaya ya Kalehe, Kivu ya Kusini, na kuua watu zaidi ya 400, wakaaji wenyewe pamoja na wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu walichimbua maiti kwa siku nyingi. Kama wangengojea bajeti ya serikali, wafu wangeozea chini ya mawe.

Tatizo linaanza siku ya tatu au ya nne. Majeruhi wamekwisha kupelekwa hospitali, wafu wamezikwa, na kinachobaki ni kazi: kukata magogo, kuhamisha udongo, kuzibua mitaro, kubeba mawe. Ni kazi kama kazi nyingine. Ingefanywa kwenye barabara kuu ya Kinshasa, ingekuwa na mkataba, kampuni na fakture. Ikifanywa Alimbongo inaitwa salongo, na jina hilo peke yake linatosha kuifuta bei yake.

Salongo ina historia ambayo wazee wa Lubero hawahitaji kusomewa. Mobutu aliieneza nchi nzima katika miaka ya 1970 kama kazi ya uzalendo, lakini kabla yake Wabelgiji walikwisha kuwazoesha wanakijiji kuchimba barabara ambazo hawakuwa na gari la kupitisha. Ndiyo maana Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 16, inakataza kumlazimisha mtu kufanya kazi. Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Congo iliukubali tangu 1960, unasema hivyo pia, na unatenga mambo kadhaa, yakiwemo dharura kama mafuriko na moto, na kazi ndogo za kijiji kwa faida ya kijiji chenyewe.

Hapo sheria ina akili kuliko wanaoitumia. Kumtoa mtu chini ya kifusi ni dharura. Kufagia chemchemi ambayo watoto wa mtaa wanatekea maji ni kazi ndogo ya kijiji. Lakini kuhamisha tani za matope kutoka barabara inayounganisha Goma, Kanyabayonga, Lubero, Butembo na Beni, ili lori la mfanyabiashara lipite, si dharura tena baada ya juma moja, na haijawahi kuwa kazi ndogo ya kijiji. Mama wa Alimbongo mwenye beleshi hana bidhaa ndani ya lori hilo. Mara nyingi hata nauli ya kulipanda hana.

Kuna jambo lingine ambalo viongozi wanaokaa mjini hulisahau. Mvua za hatari huja hasa kati ya Septemba na Desemba, halafu tena kati ya Machi na Mei. Hizo ndizo siku za kulima na kupanda. Kila asubuhi inayopotea barabarani ni asubuhi iliyotolewa kwenye viazi, ngano na maharagwe. Na aliyepoteza paa usiku ule ule anaitwa barabarani kabla hajafunika watoto wake. Asipokwenda, anatozwa faini. Kwa hiyo kusafisha kumekwisha kulipiwa, ila kumelipiwa na yule aliyeharibiwa zaidi.

Pesa ya kazi hiyo iko wapi? Iko barabarani penyewe. Sheria ya Julai 2008 iliunda FONER, mfuko wa kitaifa wa kutunza barabara, ambao chakula chake ni makato kwenye mafuta na malipo ya peaje. Motari wa Kirumba anayenunua lita moja ya esansi bei ya juu amechangia matengenezo, hata kama hajui. Ofisi ya Barabara ndiyo yenye jukumu la barabara za kitaifa. Sheria ya Oktoba 2008 kuhusu miji, komini, sekta na usultani inasema kwamba asilimia 40 ya sehemu ya jimbo katika mapato ya taifa inapaswa kushuka mpaka kwenye ngazi hizo za chini. Kwenye karatasi, basi, usultani una pesa ya kununua msumeno wa mashine na kulipa vijana kumi kwa juma moja. Katika maisha, pesa hiyo hufika kwa shida, imekatwakatwa njiani, au haifiki.

Halafu kuna ile inayokusanywa bila sheria yoyote. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Vizuizi 798! Vingine vya askari wa serikali, vingine vya makundi yenye silaha, vingine vya watumishi wa idara mbalimbali, na vingine ni kamba tu iliyofungwa kati ya miti miwili. Wote walikuwa na sababu ya kulipisha: usalama, usafi, kikapu cha soko, matengenezo ya njia. Atafutwe mmoja aliyewahi kuonekana na beleshi baada ya mvua.

Tangu Desemba 2024 swali hili limekuwa gumu zaidi. Waasi wa AFC/M23, waliokuwa wamekwisha kuchukua Kanyabayonga na Kirumba katikati ya mwaka huo, walifika Alimbongo, na wakaaji wengi wakakimbilia Lubero na Butembo. Baada ya Goma kuanguka Januari 2025, uongozi wa jimbo ulihamia Beni. Tangu hapo, mti ukianguka nyuma ya mstari wa vita, Beni husema eneo haliko mikononi mwake, na wenye silaha huita salongo. Kila upande unapata sababu ya kutokulipa, na matope yanabaki ya raia.

Vita havifuti deni hilo, vinaonyesha tu ni la nani. Anayeshusha kizuizi na kupokea franga amejitangaza kuwa mwenye barabara. Akisema yeye ni serikali, alipe kama serikali. Akisema yeye si serikali, basi amepokea kwa jina gani? Kumdai aondoe matope si kumtambua wala kumpa cheo. Mwenye nyumba anaweza kumwambia mwizi arudishe sufuria bila kumwita mpangaji. Na serikali ya Kinshasa haiwezi kuendelea kukata pesa ya barabara kwenye kila lita ya mafuta inayouzwa Butembo, kisha iseme kwamba kilomita zilizo baada ya Lubero hazimo katika hesabu.

Wengine, hasa wazee, watajibu kwamba kulipa kutaua moyo wa kusaidiana. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu katika milima hii moyo huo ndio uliobakiza watu hai wakati kila kitu kingine kilipokimbia. Lakini moyo wa kusaidiana unauawa haraka zaidi na faini, na kijana mwenye bunduki anayesimamia wanawake wanaochimba. Kijiji kinachojua kwamba siku mbili za kwanza ni za wote, na za baadaye zina malipo, kitatoka siku hizo mbili bila kusukumwa.

Uchafu wa dhoruba pia si uchafu wote. Mkaratusi ulioanguka ni mbao, ni nguzo, ni makala. Leo mti ukilala barabarani, mwenye msumeno huukata usiku, gogo linapotea, na matawi ndiyo yanayobaki kwa salongo. Mwenye shamba analalamika kwamba ameibiwa, mwenye msumeno anasema alisaidia. Mtu mmoja aandike tu: mti wa nani, umekatwa na nani, mbao zimekwenda wapi. Sehemu ya mbao hizo ingeweza kulipa wakataji, na nyingine kurudi kwenye paa la shule. Mabati vivyo hivyo. Yaliyopindika kidogo hunyooshwa na kutumika tena, lakini yasipohesabiwa asubuhi ile, jioni yanakuwa yamepata mwenyewe mpya.

Matope hayana mnunuzi, na hapo ndipo kazi ya haraka inapoleta hasara nyingine. Watu waliochoka, wasiolipwa, wanasukuma udongo upande ulio rahisi, yaani chini ya mteremko. Unaangukia shamba la aliye chini, au unaingia kwenye kijito na kukiziba. Mvua inayofuata inapata kila kitu tayari. Fundi anayelipwa kwa mita anaweza kuambiwa: udongo upelekwe pale, mtaro uwe na kina hiki, na pesa usipate mpaka umalize. Mtu wa salongo nani atamwambia hivyo? Anangoja saa nne ifike arudi shambani.

Utaratibu wa kulipa hauhitaji kubuniwa upya. Congo inazo kamati za wenyeji za kutunza barabara, zile zinazoitwa CLER, ambazo katika barabara nyingi za vijijini hugawia wakantonye kipande cha njia na kuwalipa kukitunza kwa mikono. Pale zinapolipwa kwa wakati, njia hupitika. Pale malipo yanapokatika, majani hufunika mitaro ndani ya msimu mmoja. Wafanyabiashara wa Butembo nao si wageni katika jambo hili, kwa sababu walichanga pesa yao kutengeneza barabara enzi ambazo serikali haikuonekana kabisa. Wanajua vizuri kuliko yeyote kwamba lori la kabichi likilala siku nne Alimbongo, kabichi inafika sokoni imekuwa chakula cha mbuzi. Kulipa wakantonye kunawagharimu kidogo kuliko kuoza.

Tanzania ilionyesha upande mwingine wa jambo. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na magogo kutoka mlima Hanang yalipoingia mji wa Katesh na kuua watu zaidi ya 80, serikali ilituma askari na mashine kusafisha, na baadaye ikajengea nyumba waliopoteza zao. Si kwamba kila kitu kilikwenda sawa, na Tanzania haina vita mlangoni. Lakini hakuna aliyemwambia mjane wa Katesh alete beleshi lake, na asipolileta alipe faini.

Kwa Alimbongo, hatua ya kwanza ni ndogo. Shirika la raia, makanisa na walimu wana watu wanaojua kuandika. Baada ya kila dhoruba waweke daftari: nyumba ngapi, miti mingapi, mita ngapi za udongo, watu wangapi walifanya kazi na kwa siku ngapi. Kando waandike kila kizuizi kilichopo kati ya Kirumba na Lubero, na kinalipisha kiasi gani kwa pikipiki na kwa lori. Kurasa hizo mbili ziwekwe pamoja, nakala moja iende Beni, nyingine kwa FONER, nyingine kwa wafanyabiashara wa Butembo, na moja kwa yeyote anayeshika kamba ya kizuizi siku hiyo. Daftari lianze kabla ya mvua za Septemba, wakati mitaro bado mikavu na kuizibua ni kazi ya siku chache.